Kuni Zipo? Hesabu ya Nyumba ya Kijijini Buhigwe

Ukimwita fundi wa tanuri katika kijiji chochote cha wilaya ya Buhigwe, Kigoma, mwezi wa sita, mvua zimekata na udongo bado unafyatulika, hataanza kwa kukuuliza una fedha kiasi gani. Atauliza: "Kuni zipo?" Ukijibu kwamba zipo, mkeka unatandikwa na bei inazungumzwa. Ukijibu kwamba hazipo, atakutazama kidogo kisha atanyoosha mkono kuelekea kilimani.

Makala haya yanahusu mkono ule ulionyooshwa. Watu wengi wanaojenga huku juu, kuanzia Manyovu na Munanila hadi Kasulu na Kibondo, huchagua tofali la kuchoma kwa kuwa ndilo rahisi. Ni rahisi kweli, ila kuna sehemu ya bei yake ambayo haiandikwi kwenye daftari la mwenye nyumba. Tuiandike leo, tuiweke pembeni ya tofali bichi, tofali la kufungamana na bloku ya saruji, kisha kila mtu achague akijua analipa nini na nani anamsaidia kulipa.

NYUMBA YETU YA MFANO

Tuchukue nyumba ya mita 9 kwa 6, yenye vyumba vitatu na sebule, bati la migongo miwili. Kuta za nje zinazunguka mita 30, za ndani ni kama mita 18, kimo ni mita 2.7. Ukitoa milango na madirisha, unabaki na ukuta wa mita za mraba 115 hivi. Msingi wa mawe, milango, madirisha, kenchi na bati ni karibu vilevile kwa kila chaguo (tofali bichi pekee litaongeza mawe na bati, tutaona), kwa hiyo tunaviacha. Tunalinganisha kuta tu.

Bei ya shilingi nimeiacha makusudi. Mfuko wa saruji ukishushwa Kasulu mjini una bei yake, ukifika Manyovu una nyingine, na ukipandishwa kwa bodaboda hadi kitongojini una ya tatu. Saruji inayofika Kigoma kutoka Dar es Salaam imesafiri zaidi ya kilomita 1,200, na kila kilomita imo ndani ya mfuko. Kwa hiyo tutahesabu mifuko, tripu, tani za kuni na siku za kazi. Wewe zidisha kwa bei ya kwenu wiki hii.

TOFALI LA KUCHOMA

Kalibu za kijijini hazifanani, lakini tuseme tofali la sentimita 25 kwa 12 kwa 10, ukuta wa tofali moja moja. Unahitaji kama 33 kwa mita moja ya mraba, yaani 3,800 kwa nyumba nzima. Tanuri halirudishi yote uliyoliingiza: ya pembeni hutoka mekundu hafifu, ya karibu na mdomo hupasuka au kuyeyuka. Fyatua 4,500.

Upande wa saruji unaweza kusalimika kabisa. Wengi hujengea kwa udongo, kisha huziba mistari ya nje kwa mifuko miwili mitatu. Ukitaka lipu ya mchanga na saruji ndani na nje, ongeza mifuko 20 hivi.

Sasa kuni. Tofali moja la ukubwa huu lina kilo 5. Matofali 4,500 ni zaidi ya tani 22 za udongo unaotakiwa kupata moto hadi ubadilike kuwa kitu kingine. Tanuri la kijijini halina ukuta wa kudumu wala bomba, hivyo moto mwingi huishia hewani. Hesabu ya haki ni takriban tani moja ya kuni kavu kwa kila matofali 1,000. Nyumba yetu basi inakula tani 4 hadi 6. Kwa mkaratusi wenye unene wa sentimita 20 hiyo ni miti 25 hadi 35.

Kama miti hiyo ni yako, uliipanda mwenyewe na kisiki kitachipua tena, basi hakuna wa kukulaumu. Bei umeilipa kwa shamba lako na kwa miaka minane au kumi ya kungoja. Lakini wanaojenga kwa kuni za shamba lao si wote. Kijiji kikiwa na nyumba 20 mpya kila kiangazi, hizo ni tani 100 za kuni kwa msimu mmoja, na sehemu yake hutoka kwenye miombo ya kilimani au kwenye miti ya kando ya mto. Huko hakuna aliyepanda, kwa hiyo kwenye daftari la mwenye nyumba inaandikwa sifuri. Anayeilipa sifuri hiyo ni mama anayekwenda mbali zaidi kutafuta kuni za kupikia, na mwenye shamba la bondeni ambaye kijito chake kinakauka mwezi wa nane badala ya wa tisa.

Udongo nao una mambo. Wafyatuaji hupenda bondeni kwa sababu maji yapo na mfinyanzi upo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mashimo mengi ya matofali yako ndani ya mita hizo. Tanuri likizimwa linabaki dimbwi, na dimbwi linabaki na mbu.

TOFALI BICHI

Hili ndilo linalodharauliwa kuliko yote, na wanaolidharau wengi wao walizaliwa ndani yake. Tengeneza la sentimita 30 kwa 20 kwa 12, ukuta uwe mnene. Utahitaji matofali 2,700, fyatua 3,000. Kuni ni sifuri, na safari hii sifuri ni ya kweli. Saruji pia ni sifuri. Gharama yake ni mikono, maji, na nyasi zilizokatwakatwa za kuchanganya ili lisipasuke linapokauka.

Adui yake ni maji, na hushambulia kutoka pande mbili. Chini, yanayoruka kutoka ardhini na yanayopanda kwenye msingi. Dawa yake ni msingi wa mawe unaotokeza nusu mita juu ya ardhi, na karatasi ya nailoni nzito kati ya jiwe na tofali. Juu, mvua ya upepo. Dawa yake ni bati linalotoka nje ya ukuta sentimita 75 hadi 90, badala ya zile 30 za kubana matumizi. Gharama ya tofali bichi imehamia kwenye mawe na bati, na anayejenga bila kulijua hilo ndiye anayekuja kusema nyumba ya udongo haidumu.

Inadumu. Maghorofa ya udongo ya Shibam, Yemen, yamesimama tangu karne ya 16, tena ya ghorofa tano na zaidi, kwa sababu wenyewe huyasiliba upya kila yanapohitaji. Karibu zaidi na hali yetu ni Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyejenga shule ya msingi katika kijiji chake cha Gando na kuikamilisha mwaka 2001. Alitumia udongo wa palepale uliotiwa saruji kidogo, wanakijiji wakabeba na kushindilia, na bati akaliinua juu ya dari ili joto lipite katikati na mvua ikae mbali na ukuta. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo wasanifu majengo huiheshimu kuliko zote. Ukuta wa udongo basi si alama ya umaskini. Ukuta wa udongo chini ya bati fupi ndio kosa.

Gharama ya baadaye: kila mwaka au miwili, upande unaopigwa na mvua unataka kukandikwa upya kwa udongo, mchanga na samadi ya ng'ombe. Kama watoto wameondoka na mikono imebaki miwili ya mzee, hiyo si kazi ndogo. Ihesabu.

TOFALI LA KUFUNGAMANA

Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, umelitangaza tofali hili kwa miaka mingi. Babu yake ni mashine ya mkono iliyobuniwa Colombia miaka ya 1950: udongo wenye unyevu kidogo, saruji kidogo, mkono mrefu wa chuma, basi. La kwetu lina sentimita 30 kwa 15 kwa 10, lina ulimi na tundu, hivyo linashikana na mwenzake bila udongo wala saruji ya kujengea.

Nyumba yetu inataka 33 kwa mita ya mraba, jumla 4,000 ukiweka ya kuvunjika. Mfuko mmoja wa saruji hutoa 50 hadi 70 kutegemea udongo. Hiyo ni mifuko 57 hadi 80. Hapa ndipo wengi hushtuka, kwa kuwa waliambiwa tofali hili linaokoa saruji. Linaokoa lipu, mchanga na muda wa fundi. Saruji yenyewe inahama tu kutoka ukutani kuingia ndani ya tofali. Kuni ni sifuri. Timu ya watu watano au sita hufyatua 300 hadi 400 kwa siku, hivyo ni wiki mbili za kufyatua, kisha angalau siku 7 za kumwagilia chini ya kivuli, na wiki tatu za kungoja. Ukikatisha kumwagilia mapema, umetupa saruji yako yote.

Kipimo cha udongo ni bure. Ondoa nusu mita ya juu yenye mizizi. Jaza udongo nusu ya chupa ya plastiki, ongeza maji, tikisa, acha usiku kucha. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Mchanga ukifika theluthi mbili hivi, udongo unafaa. Ukizidiwa na mfinyanzi, tofali litapasuka na utalazimika kuununua mchanga. Udongo mwekundu wa milimani huku mara nyingi huvuka mtihani huu, lakini "mara nyingi" haijengi nyumba. Pima wa kwako.

Nyumba nzima inataka mita za ujazo 28 hivi za udongo uliochimbuliwa. Ni shimo la mita 4 kwa 4, kina kisichofika mita 2. Lichimbe mahali unapotaka tangi la maji, na umelipia kazi mbili kwa mchimbaji mmoja. Hapana haja ya kwenda bondeni.

BLOKU YA SARUJI

Bloku ya inchi 6 hujenga mita ya mraba kwa vipande 10. Unahitaji 1,200. Mfuko ukitoa 30 hadi 35, ni mifuko 35 hadi 40; ya kujengea 10, na lipu 20. Jumla mifuko 65 hadi 70. Muuzaji anayetoa bloku 45 au 50 kwa mfuko anakuuzia mchanga uliopakwa rangi ya saruji: idondoshe moja kutoka kiunoni kabla hujalipa.

Kinachoumiza huku milimani ni mchanga. Bloku, kujengea na lipu vinakula mita za ujazo 23, yaani tripu 6 za lori la mita 4. Kama nyumba yako iko barabarani, sawa. Kama iko juu ya mteremko ambako lori haliendi, kila tripu ina malipo ya pili ya vichwa vya watu.

Lami inayounganisha Kabingo, Kibondo, Kasulu na Manyovu, zaidi ya kilomita 260, inapunguza makali ya usafiri huo. Lakini lami huleta saruji barabarani tu, haileti mlangoni kwako.

KWA MUHTASARI, KUTA PEKE YAKE

Tofali la kuchoma: saruji mifuko 3 (au 23 na lipu), kuni tani 4 hadi 6, mchanga kidogo, matengenezo madogo.
Tofali bichi: saruji hakuna, kuni hakuna, mawe na bati zaidi, matengenezo kila mwaka au miwili.
Tofali la kufungamana: saruji mifuko 57 hadi 80, kuni hakuna, mchanga kidogo au hakuna, lazima upate mashine, matengenezo madogo.
Bloku: saruji mifuko 65 hadi 70, kuni hakuna, tripu 6 za mchanga, matengenezo madogo.

Kuna gharama moja ambayo haibadiliki na haifai kubanwa: mkanda wa zege wenye nondo juu ya kuta zote. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, likaua zaidi ya watu 15 na kubomoa maelfu ya nyumba, nyingi zikiwa za matofali yaliyojengewa kwa udongo bila mkanda. Kigoma iko kwenye Bonde la Ufa lilelile la magharibi. Tofali lolote utakalochagua, lifunge.

ARDHI: KIWANJA NACHO KINA AINA

Tofali rahisi juu ya kiwanja chenye kesi ni ghali kuliko kasri. Tuangalie kiwanja kwa jicho lilelile la mnunuzi.

Mababu wa Waha, wenyeji wa huku, hawakuishi kwa mistari. Walitawanyika vilimani, kila kaya na migomba yake. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba zikapangwa kando ya barabara, na vilima vingi vikabaki vya wote. Kabla ya hapo, kwa miongo mingi, wilaya hizi zilikuwa kisima cha manamba wa mkonge wa Tanga na Morogoro. Mwaka 1964 nchi ilivuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kisha kamba za plastiki zikaua bei, mashamba yakadorora, na mshahara wa mbali ulionunua mabati ya kwanza ukakatika. Waliorudi walikuta mtaji uliobaki ni udongo, mti na mikono. Viwili vya kwanza vinatoka kwenye ardhi, na ardhi hiyo si yote ya mtu binafsi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inagawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya pamoja, inayotumiwa na watu au kaya, na ya akiba. Ardhi ya pamoja, kama msitu, malisho na vyanzo vya maji, haigawiwi mtu kujenga. Ya akiba inaweza kugawiwa, lakini halmashauri ya kijiji ni mdhamini tu. Bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji haina cha kugawa. Ukiuziwa kiwanja kwa karatasi iliyosainiwa nyumbani kwa kiongozi mmoja, umenunua karatasi.

Kwa hiyo mnunuzi ana njia tatu, na kila moja ina gharama yake.

Kiwanja cha urithi hakina bei ya kununua, ila kina ndugu. Kabla ya msingi, itisheni kikao cha ukoo, muandike mihtasari. Na mila isitumike kumkata dada: sheria hiyohiyo inabatilisha desturi yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi.

Kiwanja cha kununua kwa mwanakijiji kina bei, na kina sharti la halmashauri ya kijiji kuridhia. Kilichoko barabarani huvutia kwa sababu ya lami, lakini pima kwanza. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kiwanja kilicho karibu zaidi ya hapo huuzwa rahisi kwa sababu muuzaji anajua alama ya X ya kubomolewa itakuja.

Kiwanja cha kugawiwa kutoka akiba ni rahisi kwa fedha na kirefu kwa muda, kwa kuwa kinangoja mkutano mkuu.

Kwa njia zote tatu, maliza na hati ya hakimiliki ya kimila. Husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, huandikwa kwenye masijala, na kwa sheria ina hadhi sawa na hati ya mjini. Andikeni majina yote mawili, mume na mke. Gharama ya jina la pili ni wino.

NANI ACHUKUE NINI

Mwenye shamba lake la mikaratusi lililokomaa, mbali na chanzo cha maji: choma tofali. Ukuta utakuwa rahisi na mgumu, na bei yote umeilipa wewe.

Mwenye mikono mingi na fedha kidogo: jenga kwa tofali bichi, na fedha uliyookoa itie kwenye mawe ya msingi na bati la geji 28 lenye ukingo mpana. Usichanganyikiwe na namba: geji 30 ni nyembamba kuliko 28.

Mwenye fedha ya saruji lakini nyumba iko mlimani ambako mchanga haufiki: tofali la kufungamana. Mashine usinunue peke yako. Kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA) au wanachama kumi wa ushirika wa kahawa (AMCOS) wakichanga mashine moja, kila nyumba inaitumia wiki mbili na kiangazi kimoja kinatosha nyumba nne au tano. Anayejenga mwisho alindwe na katiba ya kikundi, asibaki na mashine iliyochakaa.

Mwenye kiwanja kando ya lami na mchanga jirani: bloku haina ubaya.

Na wote, wekeni mifereji ya maji kwenye bati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la nyumba yetu linafunika mita 73 za mraba. Kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ukitoa sehemu ya tano inayopotea, ni lita 58,000. Kaya ya watu sita wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku haimalizi maji hayo kwa mwaka mzima. Tangi la lita 5,000 pekee linawapa siku 41 bila kushuka bondeni.

Limebaki jambo moja ambalo mnunuzi mmoja haliwezi. Bei ya kuni za kilimani itaendelea kuandikwa sifuri mpaka kijiji kiamue vinginevyo, na mahali pa kuamua ni mkutano mkuu, ukiwa na mpango wa matumizi ya ardhi mezani. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo: anayechoma tanuri aonyeshe kwanza kuni zake zimetoka wapi, na anayechukua za pamoja alipe kwa tani, fedha iingie kwenye kitalu cha miche. Siku hiyo tofali la kuchoma litakuwa na bei yake kamili, na ulinganisho wa juu utabidi uandikwe upya.

Mpaka hapo, fundi akikuuliza kama kuni zipo, usijibu haraka. Mtazame anaponyoosha mkono, kisha muulize kile kilima ni cha nani.